Hela ya utafiti wa likizo ya chuo: nimeitumia Newala wiki nane, nyota tatu

Kila mwaka ikikaribia likizo ndefu chuoni kwetu linabandikwa tangazo la ule mfuko wa utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, na kila mwaka watu wanalipita kama bango la dawa ya mba, wanadhani ni la watu wa masters au la watoto wa wakubwa. Mi nililisoma, nikaomba, nikapata, nikaenda kutumia hiyo hela Newala, mkoani Mtwara, sasa nimerudi na nina maneno. Chuo sikitaji, wanaokijua watajijua. Nachotaka kusema ni kwamba huu mfuko ni mzuri na uombe, ila kabla hujaomba jiulize kwanza kama una shangazi. Nitaeleza.

Tuanze na uzuri wake maana upo. Hii hela sio mkopo. Wengi tunaishi kwa boom ya Bodi ya Mikopo, ile elfu kumi kwa siku tangu walipoipandisha 2022 kutoka elfu nane na mia tano, na hela ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo wenye mkopo tunaipata hukohuko, na yote ni deni, siku ukipata ajira unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka iishe. Hii ya mfuko hakuna anayekukata. Unaandika andiko kurasa tano, unatafuta mwalimu wa kukusimamia, unaweka bajeti, kamati inakaa, ukipita unapewa. Tena maoni ya kamati kwenye andiko langu yalikuwa ya maana kuliko maoni yote niliyopewa kwenye assignment miaka miwili, mtu alikaa akasoma kweli, akaniandikia pembeni "hapa unauliza maswali mawili kwa mpigo, chagua moja". Nikachagua.

Swali langu lilikuwa la korosho, unategemea nini kwa mtu wa Mtwara. Nilitaka kujua kwa nini wakulima wanapiga salfa kwa ratiba zao na sio ile wanayoelekezwa na wataalamu. Kwa wasiojua, korosho ina ugonjwa unaitwa ubwiriunga, ni ukungu, unakaa kwenye machipukizi na maua kama mtu amekumwagia unga wa sembe, ua likishapakwa huo unga halishiki korosho, linanyauka na kudondoka. Dawa yake ya zamani ni salfa ya unga, inapulizwa na mashine alfajiri wakati umande upo na upepo umelala. Na salfa ni kinga, haiponyi ua lililokwisha kuliwa, ukichelewa unapulizia vumbi tu. Kwenye andiko nikachomekea na historia, kwamba nchi hii ilifikisha tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 halafu ikaporomoka mpaka kama tani 16,500 msimu wa 1986/87, kwa sababu kadhaa, watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mashamba yao mbali, bei mbovu, na huyu ubwiriunga ambaye alishaanza kutafuna. Naamini hiyo aya ndiyo iliyonipitisha, kamati inapenda namba.

Nikapitishiwa laki tisa. Usishangilie bado. Inatoka kwa mafungu, asilimia 60 mwanzoni yaani laki tano na arobaini, asilimia 40 baada ya ripoti na marejesho. Na kila shilingi ina kijumba chake: vifaa vya kuandikia na kuchapa 150,000, usafiri 200,000, posho ya kujikimu 392,000 ambayo ni elfu saba mara siku 56, kibarua wa kunisaidia kuhoji 80,000, bando 40,000, kuchapa na kufunga ripoti 38,000. Hela haitoki kijumba hiki kwenda kile bila kibali cha kamati, na kamati inakaa mara moja kwa muhula. Hapo ndipo pa kupashika kabla hujasaini, mi nilisaini huku nacheka.

Sasa kasoro ya kwanza, na ndiyo kubwa. Maua ya mkorosho kule kwetu yanatoka kuanzia kama mwezi wa sita, wa saba, na raundi za kupiga salfa ndio zinaanza hapo. Likizo ndefu nayo inaanza mwezi wa saba, kwa hiyo kwenye karatasi inaoana kabisa, nilijiona mjanja kweli. Nikapanda basi Dar mpaka Newala, lami ikatuacha Mnivata, kutoka hapo kipindi kile ni vumbi na michepuko ya makandarasi, nimefika nywele nyekundu kama nimepaka hina. Nikamtafuta mhasibu kwenye simu, hela imetoka? Bado, kuna saini moja. Wiki ya kwanza, saini moja. Wiki ya pili, mwenye saini kasafiri. Hela ikaingia wiki ya tatu siku ya Alhamisi, muamala ukalia nikiwa nimekaa barazani nachambua kunde.

Kwa muda huo vijiji viwili kati ya vitatu nilivyochagua sikuweza kufika, viko mbali, boda kwenda elfu tano kurudi elfu tano, na mfukoni nilikuwa na hela ya kukopa kwa shemeji. Nikabaki na kijiji cha jirani nakwenda kwa miguu. Nilipofika kile cha mbali hatimaye, mzee wa kwanza niliyemkuta kanikaribisha kiti, nikamwamkia, nikajieleza mimi ni nani na natafiti nini, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote halafu akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu ulikuwa wapi? Mi raundi ya kwanza nimepiga wiki mbili zilizopita." Swali langu la msingi kabisa lilikuwa raundi ya kwanza inapigwa lini na mtu anaamuaje. Ilibidi niwaulize watu wakumbuke badala ya kuona kwa macho, na mtu akikumbuka siku ya kupiga salfa anakumbuka kwa ajili yako, anataka kukusaidia, anakupa tarehe nzuri.

Hapo sio kosa la mtu mmoja, sitaki kumtupia mhasibu jiwe. Mfuko una kalenda yake ya saini na kamati, mkorosho una kalenda yake, na hakuna mtu aliyewahi kuzikalisha meza moja. Kama utafiti wako ni wa kukaa maktaba au kuhoji wenye maduka hutaona tofauti yoyote. Kama ni wa kitu kinachochanua, kinachotaga au kinachonyesha, andika kwenye andiko kwa herufi kubwa kwamba hela isipotoka kabla ya tarehe fulani utafiti umekufa. Mi sikuandika.

Twende kwa shangazi.

Kwenye ile bajeti umeona kijumba cha malazi? Hakipo. Fomu inasema "mwanafunzi anashauriwa kufanya utafiti mahali anapoweza kupata makazi". Anashauriwa! Mi nina shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Newala, nyumba ya bati na mikorosho mitano nyuma. Nilifikia kwake wiki zote nane. Nimekula ugali wa muhogo na kisamvu, nimekula kunde, siku ya gulio nimekula samaki, na shilingi hakupokea. Wiki ya tatu hela ilipoingia nilimpelekea elfu hamsini akaikunja akanirudishia mfukoni mwa shati mwenyewe kwa mkono wake. Kabla ya hapo jioni moja alikuwa kaniuliza, "Baba, hao wa chuo wanakulipa?" Nikamwambia wanalipa shangazi, ila ni kwa ajili ya utafiti. Akafikiri kidogo, akasema, "Na huo utafiti unakula wapi?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Na usifikiri chakula ndio kitu cha bei. Maji. Ambaye hajakaa juu ya ile milima ya Makonde hajui maji ni nini. Kule juu ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, chemchemi ziko chini kabisa bondeni, ndio maana nyumba nyingi utaona wamejenga kisima cha kuvunia maji ya bati. Kiangazi kisima kikikauka unanunua ndoo, na kwa shangazi tulikuwa tunanunua mia tano ndoo moja. Mi kila siku narudi na salfa mwilini. Nawaambia, kaeni shamba moja alfajiri bloa inanguruma, wingu la njano linapanda mpaka juu ya mkorosho halafu linashuka taratibu juu yenu, macho yanawaka, koo linawasha, shati linanuka kiberiti hata ukilifua mara mbili. Madodoso yangu yote ya kijiji cha pili ni ya njano mpaka leo. Ndoo mbili za kuoga, moja ya kufulia. Shangazi alikuwa anateka bila kusema neno na mi nilikuwa najua bei. Kwenye bajeti, maji hayapo.

Sasa hesabu, hapa ndio patamu. Boda nimetumia siku 30 kwa elfu kumi, laki tatu. Kijumba cha usafiri kilikuwa laki mbili, tisini ikaenda nauli ya basi Dar Newala na kurudi, kwa hiyo ya boda ilibaki laki moja na kumi. Pengo laki moja na tisini. Nimeliziba na nini? Na posho ya kula, maana posho haidaiwi risiti na mi nilikuwa nakula bure. Yaani shangazi kanilisha mimi, posho yangu ikalisha boda, boda ikalisha utafiti. Ukifuata mnyororo mpaka mwisho mfadhili mkuu wa huu utafiti ni mama mmoja wa Newala na jina lake halipo kwenye ukurasa wa shukrani kwa sababu fomati inataka "taasisi". Nilimwingiza kwa nguvu, sapvaiza akalipitisha.

Upande wa vifaa vya kuandikia mambo yalikuwa kinyume. Laki moja na nusu ya kuchapa! Nani anachapa laki na nusu? Niliprinti madodoso kwa jamaa mwenye steshenari pale Newala mjini, karatasi pande zote mbili, kalamu, faili, ubao wa kuandikia, jumla 38,000. Nikajipongeza, nimebana matumizi, nimebakisha laki moja na kumi na mbili. Wakati wa marejesho nikaambiwa hiyo laki na kumi na mbili sio yangu, itakatwa kwenye lile fungu la pili. Kwa hiyo nilipokosa hela ya boda nilijaza kwa chakula changu, nilipobakisha ya karatasi nikanyang'anywa. Mwenzangu aliyefanya utafiti wake Dar kanicheka, ye aliprinti kwa rangi mpaka majedwali.

Marejesho yenyewe sasa. Kwa lugha ya wahasibu hela ya kutangulizwa inaitwa masurufu, na masurufu hayafungwi bila risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Nilikwenda ofisini na bahasha yangu. Nimemwamkia mama wa pale, shikamoo, marahaba, akaanza kuchambua. Nauli ya basi sawa. Steshenari sawa, yule jamaa alikuwa na mashine na nilimlazimisha. Kibarua sawa, kasaini fomu ya malipo na namba ya NIDA kaweka. Akafika kwenye boda. Zile zilikuwa kurasa nne za daftari la msomi, dogo wa boda alikuwa ananiandikia kila siku tarehe, kutoka wapi mpaka wapi, elfu kumi, na saini yake ambayo ni mduara wenye mkia, siku nyingine karatasi ina oili.

"Mwanangu, hii risiti ya nani?"

"Ya boda, mama."

"Hana TIN?"

Nikamwangalia. Alikuwa ananiuliza kwa dhati kabisa, sio dharau, fomu yake ina mahali pa TIN, namba ya mlipakodi, na yeye kazi yake ni kuhakikisha pamejaa. Kilichoniokoa ni kwamba mtendaji wa kijiji alikuwa amenigongea muhuri kila ukurasa, na sio kwa akili yangu, ni yule dogo wa boda mwenyewe aliniambia "kaka gongesha muhuri hizi, wazungu wa mradi walihangaika hivihivi". Wakakubali laki moja na kumi, mwisho wa kijumba. Hiyo ya ziada hata sikuiwasilisha.

Kwa hiyo ushauri wa bure, kila karatasi isiyo na EFD igongewe muhuri wa mtendaji siku hiyohiyo, usisubiri mwisho. Na habari ya mihuri, barua ya utambulisho ya chuo haikufikishi shambani moja kwa moja. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Mtwara mjini, ye anakuandikia barua kwenda wilayani, wilaya inakuandikia kwenda kata, mtendaji wa kata anampigia wa kijiji. Mi ilinichukua siku tisa kwa sababu nilipeleka mwenyewe mkono kwa mkono, nikalala kwa rafiki wa form six Chikongola siku mbili. Anza hiyo safari kabla hela haijatoka, maana hela yenyewe ndio hivyo.

Sapvaiza wangu hapa nampa tano juu ya tano na siongezi chumvi. Mfuko haumlipi kitu cha maana kwa kunisimamia mimi, lakini alikuwa ananipigia saa nne usiku nimsomee majibu ya siku, siku moja akaniambia swali la saba wote wanajibu vilevile maana yake swali ni bovu, libadilishe kesho. Nikalibadilisha kwa kalamu kwenye madodoso yote chini ya taa ya simu. Na hilo swali jipya ndilo lililotoa kitu pekee cha maana kwenye ripoti: watu wengi niliowahoji ratiba wanaijua vizuri, wanaitaja kama sala, tatizo mashine ya kupulizia ni moja watu wengi, inazunguka kwa zamu, wewe zamu yako ikifika ndio siku yako ya kupiga, iwe ubwiriunga umefika au haujafika. Nilipoandika hiyo sentensi nilicheka peke yangu, maana na mi nilikuwa nasubiri zamu ya saini.

Kuna rafiki yangu mmoja anapenda kufananisha na Ulaya na Marekani, kanitumia habari za MIT, kwamba wao wana mpango wao wa wanafunzi wa digrii ya kwanza kufanya utafiti na maprofesa tangu 1969, na mwanafunzi anaweza kulipwa au kuhesabiwa kama kozi. Sawa. Mi sina wivu wa hela zao. Wivu wangu ni hapo pa kuhesabiwa kama kozi, sisi hii kazi ya wiki nane haina hata krediti moja, na field ya kawaida ya kozi bado unadaiwa. Nilifanya field yangu ya kozi kwa kubanabana wiki zilizobaki kwenye ofisi moja hapo Mtwara mjini, kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga mafaili na kuagizwa chapati, hiyo siwezi kuipa hata nyota, lakini imo kwenye matokeo na ina A.

Nyota tatu basi. Mbili ni za kamati iliyosoma andiko na kwamba sio mkopo. Moja ni ya sapvaiza ingawa sio mali ya mfuko. Mbili nimezizuia, moja ya saini na moja ya kile kijumba cha malazi kisichokuwepo. Kama unatoka Songea unataka kutafiti Lindi na huna ndugu pale, piga hesabu ya chumba na maji kwanza, posho ya elfu saba itaisha kwenye gesti. Ambaye hana shangazi mahali pa utafiti wake atafanya utafiti alipo shangazi yake, ndio maana ukisoma orodha ya waliopata miaka hii utaona karibu wote wametafiti kwao.

Fungu la pili liliingia mwezi wa kwanza, ripoti nilikabidhi wa kumi. Laki tatu na sitini toa laki moja na kumi na mbili za karatasi, laki mbili na arobaini na nane. Nikamlipa shemeji. Iliyobaki nikapanda nayo basi mpaka Newala, nikanunua simtanki la lita mia tano na vipande vya mfereji wa bati, tukafunga mimi na watoto wa jirani siku ya Jumamosi, mvua ikanyesha usiku huohuo tukakesha tunasikiliza linavyojaa. Shangazi hakuweza kulikunja akanirudishia mfukoni. Duka lile lina mashine, kanitolea risiti ya EFD safi kabisa, ina TIN, ina tarehe, ina kila kitu. Ninayo mpaka sasa.